Jina Moja la Asali ya Arua na Koboko

Siku ile naikumbuka hadi saa yake, mwanangu. Ilikuwa saa nne kasoro robo asubuhi, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, katika ofisi ya umoja wetu wa wafuga nyuki mjini Arua. Nilikuwa katibu, kijana niliyejifunza kompyuta kwa vitabu vya kuazima, na nilijiona najua sana.

Mnunuzi mmoja wa Kampala alikuwa ametushauri tusajili jina la intaneti ili wateja wa mbali watupate. Nikasoma utaratibu. Anwani huanzia mwisho wake: ug ni Uganda, kabla yake huja kundi, co kwa biashara, ac kwa vyuo, or kwa vyama kama chetu, kisha ndipo jina lako. Majina yote ya ug hutunzwa na msajili mmoja, na jina likishachukuliwa, mwingine halipati.

Basi nikapendekeza asaliarua. Mwenyekiti wetu, Mama Ayikoru, aliliandika kwenye daftari lake. Hajji Khamis, aliyepanda lori kutoka Lobule, upande wa Koboko, kuwasemea wenzetu wa huko, alipinga. Aliuliza kama nyuki wa Koboko wanatoa maji. Akasema kama ni hivyo, wao watatafuta jina lao na kuuza asali yao peke yao. Nami nikamjibu kwamba haya ni mambo ya kitaalamu, na fomu inaondoka na basi la mchana.

Mashine yetu ya kukamulia asali ilikuwa moja tu, iliyonunuliwa kwa jasho la pande zote mbili. Hajji alikuwa tayari ameshika kofia yake.

Mama Ayikoru akaniuliza polepole, "Katibu, kule posta tuko na sanduku ngapi?"

"Moja, Mama."

"Na barua ya Hajji inafika?"

"Inafika. Wanaandika jina yake juu ya namba yetu."

"Sasa hiyo kompyuta yako inakataa nini?"

Nikafungua kitabu. Haikukataa kitu. Mwenye jina anaweza kuweka neno jingine mbele yake, na nukta katikati, bila kurudi kwa msajili wala kulipa tena. Ukurasa ule nilikuwa nimeusoma, lakini nilisoma nikitafuta namna ya kulipata jina, si namna ya kuligawa.

Tukaandika asaliyetu.or.ug, ili mbele yake pakae arua kwa huku na koboko kwa kule. Hajji akaketi tena, akaitazama fomu, akaona nimejaza jina langu mahali pa mmiliki, si pale pa fundi.

"Wewe ni fundi, andika kwa fundi," alisema. "Pale andika umoja. Ukikufa, asali yetu isikufuate kaburini."

Tulicheka wote, na mimi nikafuta.

Mwanangu, ukikabidhiwa kitu cha wengi, usianze kuuliza nani atakichukua. Uliza kwanza kinaweza kubeba wangapi. Na mahali pa mwenye mali, waandike wenye mali, hata kama kazi yote umeifanya wewe. Mungu akujalie akili ya kujifunza, na wenzako wasiogope kukuachia kalamu.

Ada ya jina la pili, ambayo hatukuilipa, ilitununulia mizinga miwili: mmoja ulikwenda Kuluva, upande wa Arua, mmoja Lobule kwa kina Hajji.