Pointi za Mrushaji wa Mnyuzi

Kitabu cha besiboli nilikabidhiwa kwa sababu moja tu: mwandiko wangu mzuri. Mwalimu wa michezo alikileta chumba cha walimu, akakibwaga juu ya madaftari ya hesabu niliyokuwa nasahihisha, akasema timu yetu ya wasichana imeingizwa kwenye ligi ya shule tano za Korogwe na Handeni, na kila timu lazima iwe na mwandishi. Nikamwambia mimi hata mpira wa miguu nautazama huku nasinzia. Akacheka. "Madam, kucheza watacheza watoto. Wewe andika tu unachokiona."

Andika unachokiona. Ningeyashika maneno hayo mawili yalivyo, nisingekuwa na la kusimulia leo.

Mchezo wenyewe uliletwa na mgeni mmoja wa kujitolea, akaufundisha miaka miwili, akaondoka. Alituachia mipira, fimbo moja ya chuma ya kupigia, na glovu ambazo tulikuwa tumeshazishona upya kwa uzi wa katani. Fimbo nyingine alituchongea fundi seremala kwa mti wa mtiki. Vituo vinne vya kukimbilia vilikuwa viroba vya saruji tulivyojaza mchanga. Asiyeujua mchezo huu asiogope, mimi mwenyewe niliujua kwa wiki moja. Mrushaji anamrushia mpira mpigaji wa upande wa pili. Mpigaji akiupiga, wenzake mrushaji waliotawanyika uwanjani wanatakiwa waudake. Wakiudaka, mpigaji ametoka. Wasipoudaka, anakimbia, na akivizunguka vituo vyote vinne timu yake inapata pointi. Hapo ndipo mwandishi anapokuwa hakimu. Je, mpigaji alipiga vizuri, au mdakaji alikuwa na mpira mkononi akaudondosha? Kama alipiga vizuri, pointi inahesabiwa juu ya mrushaji. Kama mdakaji alidondosha, unaandika kosa mbele ya jina lake, na mrushaji hahesabiwi kitu.

Haya yote nilifundishwa. Sina pa kujificha.

Mechi ya kwanza niliandika nilichokiona. Msichana wetu wa kituo cha pili alidondosha mpira mara mbili, nikamwandikia makosa mawili kwa wino mwekundu kama ninavyofanya darasani. Mwalimu wa michezo akabandika ukurasa ule kwenye ubao wa matangazo. Jumatatu shule nzima ilikuwa imeshampa yule mtoto jina, wanamwita Mikono ya Siagi. Jumanne hakuja shule. Jumatano hakuja. Alhamisi akaja bibi yake.

Alikuwa bibi mfupi, kanga mbili, amevaa ndala mguuni na amezishika sandali zake nzuri mkononi zisishike vumbi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanitazama. Alipogundua kwamba mimi ni mtu wa Misima, Mzigua mwenzake, akaacha Kiswahili akanisomea kwa lugha ya nyumbani. Alisema: mwanangu, mtoto ameangusha mpira, mmemwandika ukutani kama mwizi wa kuku. Nyumbani kwenu mlilelewa hivyo? Aibu ya mwenzio hukufundishwa kuifunika?

Nilifundishwa. Kama kuna kitu nilifundishwa Misima, ni hicho. Mama yangu alikuwa akikukuta umevunja chungu cha jirani anakuuliza kwa kunong'ona, na jirani akija anamwambia chungu kimeanguka chenyewe. Nilimwomba bibi radhi, nikaenda kuubandua ule ukurasa kwa kucha zangu. Na kuanzia Jumamosi iliyofuata, kila mpira uliodondoshwa na mtoto wetu niliandika kwamba mpigaji wa wenzetu kapiga vizuri. Ni alama ndogo tu, mstari mmoja badala ya mwingine. Nilijiona mtu mwema sana. Yule mtoto wa kituo cha pili alirudi uwanjani, akawa ananiamkia kwa kupiga goti kidogo, nami nikivimba kichwa.

Sasa mrushaji wetu. Alikuwa kidato cha tatu, mtoto wa mkulima wa Mnyuzi, anakaa kwa shangazi yake Korogwe mjini ili awe karibu na shule. Mkono wake aliupatia shambani: tangu mdogo alikuwa akiamia mahindi ya baba yake, na ngedere wa kule hawaogopi kelele, wanaogopa jiwe linalofika. Alirusha mpira kimya kimya, bila madaha, na mdakaji wake alikuwa akilalamika kiganja kinawaka moto. Nilimwuliza siku moja anafikiria nini anaporusha. Akasema, "Sifikirii kitu, madam. Ndiyo maana napenda."

Baba yake alikuja kabla ya ligi kuanza, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Hakuzunguka. "Mwalimu, Jumamosi kwangu ni siku ya jembe, na huyu ndiye mkono wangu wa kulia. Nimempa nusu ya msimu. Nasikia katikati ya msimu watateuliwa watoto wa kwenda kambi ya mkoa. Akiteuliwa, nitatafuta kibarua, yeye aendelee na mipira yake. Asipoteuliwa, Jumamosi arudi tulime. Mimi si mjuzi wa huu mchezo, nitaangalia karatasi inasemaje."

"Karatasi utaiona, mzee," nikamwambia. Karatasi yenyewe ningeiandika mimi.

Nusu ya msimu ikafika. Ijumaa nilikaa na rula, nikahamisha hesabu za kila mchezaji kwenye karatasi moja kubwa: mipira aliyopiga, aliyodaka, makosa yake. Safu ya makosa ilikuwa sifuri juu mpaka chini, nikapendezwa na usafi wake. Kwa mrushaji, pointi alizohesabiwa zilikuwa nyingi mno. Niliziona. Mwalimu wa hesabu mzima niliziona, nikajisemea, maskini, hana bahati, nikageuza ukurasa. Mwalimu wa michezo akatia sahihi, mkuu wa shule akagonga mhuri.

Jumamosi tulikwenda Handeni kwa kosta ya kukodi. Watoto waliimba njia nzima isipokuwa mmoja, aliyekaa kiti cha nyuma yangu akizungusha mpira kiganjani. Nilisikia unavyokwaruza. Tulipofika, baba yake alikuwa ameshafika, amesimama peke yake karibu na goli la mpira wa miguu, na shati lilelile.

Mteuzi wa mkoa alikuwa mwalimu mstaafu, miwani imening'inia kwa kamba, na faili la plastiki kwapani. Meza ilitolewa darasani, ikawekwa pembeni mwa uwanja. Alisema hatakaa kutazama mechi kwa kuwa ana viwanja vingine viwili siku hiyo. Alipomaliza kusoma karatasi tulizomkabidhi, timu zikapangwa mistari mbele yake, wazazi wakasogea. Akaanza na yetu.

"Korogwe, hongereni. Nimesoma karatasi nyingi, lakini timu isiyo na kosa hata moja nusu ya msimu, sijapata kuona." Watoto wetu wakatazamana. Mimi nikatazama chini. "Kituo cha pili, yuko wapi? Njoo binti. Nakuchukua." Yule mtoto wa bibi akapiga ukelele, akajiziba mdomo. Wenzake wakamkumbatia. Mteuzi akasubiri watulie, akashusha kidole kwenye karatasi. "Mrushaji, hapana. Nimemwona anapasha misuli, mkono anao. Lakini mechini anapigwa mno. Mrushaji wa hawa wa Handeni wenzake wanamwangushia mipira kila siku, makosa yao yameandikwa yote, ila pointi zake mwenyewe ni chache. Namchukua huyo."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kila mpira niliousitiri ulikuwa haukupotea. Ulikuwa unamwendea mtu mmoja. Mimi kwa mkono wangu, kwa mwandiko wangu mzuri, nilikuwa nachukua aibu ya watoto wanane Jumamosi baada ya Jumamosi na kumtwika mtoto mmoja, tena aliye bora kuliko wote, halafu narudi nyumbani nalala usingizi.

Nikajikaza kisabuni, nikasogea mezani.

"Mzee, samahani. Karatasi hii si sahihi."

Akavaa miwani yake. "Si sahihi vipi, mwalimu?"

"Kuna makosa sikuyaandika. Wadakaji walidondosha, mimi nikaandika kwamba mpigaji alipiga vizuri. Nyingi ya pointi hizi si za mrushaji."

Nilisema kwa sauti ndogo, lakini uwanja ulikuwa umenyamaza. Mwalimu wa michezo alikuwa kiasi cha hatua mbili kutoka kwangu. Nilimgeukia aseme neno, maana naye alikuwepo kila mechi na macho anayo. Akaangalia viatu vyake. Nilimchukia kwa dakika hiyo, ingawa nilijua anachoogopa: karatasi ina sahihi yake, na shule inayopeleka karatasi ya uongo ingeweza kufukuzwa kwenye ligi.

"Sahihi hii ya mwandishi ni ya nani?" mteuzi akauliza.

"Yangu."

"Jana ulitia sahihi kwamba ni kweli. Leo, jina la mtoto wako limekatwa, unasema ni uongo. Mwalimu, nishike lipi?"

Mimi ndiye niliyemfundisha asiniamini. Lakini yule mzee hakuwa mtu mbaya, na mpaka leo siwezi kumtupia lawama. Alikuna kidevu, akamwita mrushaji.

Akaja. Alimwamkia, akaitikiwa. Nyuma yake, hatua tatu tu, walikuwa wamejipanga wenzake wanane, na yule wa kituo cha pili alikuwa bado ana machozi ya furaha shavuni, ila uso ulikuwa umebadilika. Ameganda. Alijua ni mipira ya nani inayozungumzwa.

"Binti," akasema mteuzi, "wewe ndiye uliyekuwa unarusha. Hakuna anayejua kuliko wewe. Mwalimu wako anasema ulikuwa unarusha vizuri, wenzako wakawa wanadondosha. Sema kweli, usiogope. Ni hivyo?"

Nilimkazia macho. Nilimwomba kwa macho. Sema ndiyo, mtoto, neno moja tu. Hakunitazama. Aligeuka nyuma kidogo, akawatazama wenzake mstari mzima, kisha akatazama upande aliosimama baba yake.

"Hapana, mzee," akasema. "Ni mimi nilipigwa."

Mteuzi akatikisa kichwa polepole, akafunga kalamu, akanirudishia karatasi yangu bila kunitazama usoni. Gari lake lilikuwa limeshawashwa.

Nilimfuata yule mtoto nyuma ya madarasa, alikokuwa anafunga kamba za viatu. Hasira zangu ziko karibu, na siku ile nilitamani kumzaba kofi. "Kwa nini umesema uongo?" nikamwuliza, bila hata kuona haya ya kumwuliza mtu swali hilo.

"Madam, mwenzangu alikuwa ameshachaguliwa. Ningesema, wangemfuta mbele ya watu."

"Na wewe je?"

Akavuta kamba, akaikaza. "Mimi nilikuwa sijachaguliwa."

Mechi ilichezwa. Alirusha siku ile namna ambayo sijaona mtu akirusha, na baba yake alitazama yote amesimama. Wenzake walidondosha mipira mitano, miwili kituo cha pili. Niliandika kila kosa, jina kwa jina. Pointi zote walizopata Handeni zilitokana na mipira ile. Kwa mara ya kwanza ukurasa wa kitabu changu ulikuwa wa kweli, na hapakuwa na mtu wa kumwonyesha.

Tulipokuwa tunapakia vifaa kwenye kosta, baba yake akanijia. Binti yake alikuwa pembeni yake na mfuko begani, wanaondoka pamoja moja kwa moja Mnyuzi. Nilijiandaa kutukanwa. Nilitaka kutukanwa.

"Mwalimu, nimekusikia pale mezani," akasema. "Mtu mzima, msomi, ukasimama mbele ya kadamnasi ukakubali kuitwa mwongo ili mwanangu apate. Si kila mtu angefanya."

"Mzee, nilichosema pale ni kweli..."

Akainua mkono kunizuia, kwa upole kabisa, kama unavyomzuia mgeni asinyanyuke kukupisha kiti. "Najua. Ulitaka kumsitiri. Lakini umemwona mwenyewe? Kashindwa, kakubali kashindwa, hakumsingizia mwenzake. Hayo ndiyo niliyomleta shule. Mungu akulipe, mwalimu, kwa malezi."

Binti alinitazama juu ya bega la baba yake, akatikisa kichwa kidogo tu, nisiseme.

Nikaitika amina.