Wafuasi wa Msugua Vioo

Mama alipona. Nasema mapema ili usipate wasiwasi bure. Wasiwasi uliobaki wote ni wangu, na bado sijajua pa kuuweka.

Jumapili hiyo nilitoka Meru, ninakofundisha chuoni, nikafika nyumbani Kibugu na begi la nguo na tasnifu yangu ya udaktari niliyokuwa nikiihariri. Kesho yake mama alikuwa anakwenda kupasuliwa uvimbe wa shingo hospitalini, Embu mjini.

Tasnifu yenyewe ilihusu watu waliokufa zamani mno. Kulikuwa na Mholanzi mmoja, karne ya kumi na saba, aliyesugua vioo vya darubini ili apate riziki. Aliandika kwamba Mungu si mzee aliyeketi juu akitusikiliza, bali ndiye huu ulimwengu wote, nasi tumo ndani yake. Mungu huyo haombwi kitu wala habadili nia. Msugua vioo alipokufa, marafiki zake walichapisha maandishi yake kwa siri, wakatukanwa kwamba ni wakana Mungu, nao wakajibu kwamba marehemu alimpenda Mungu kuliko wanaomtukana. Niliwapenda wafuasi hao kuliko bwana wao. Miaka sita nimeamka nao na kulala nao. Walionikera ni wale waliolivika wazo lake maneno ya kanisani ili lipite bila kuulizwa maswali. Hao niliwachapa sura nzima ya tatu, nikawaita waoga.

Nyumbani sikuwa nimemwambia mtu lolote. Mama alishatangazia kanisa zima kwamba binti yake anasomea mambo ya Mungu, na huo haukuwa uongo.

Saa tisa wakaja kina mama wa kanisa, kama kumi hivi, wakajaa sebuleni. Mimi sikuweza kukaa. Niliosha vikombe vilivyokuwa safi, nikatoka kumwangalia ng'ombe asiyekuwa na shida yoyote, nikarudi. Maombi yalikuwa ya Kiswahili kwa sababu mke wa mchungaji ni mtu wa Muthara, kule Meru, na Kiembu kinamshinda hadi leo. Walipomaliza wote akanigeukia.

"Mwalimu, wewe ndio umesoma hii maneno ya Mungu mpaka ikaisha. Hebu tufungie na maombi. Ile ya nguvu."

Mama alinitazama, shingo ameizungushia kitambaa. Alikuwa anaogopa. Huyu ndiye aliyekuwa akifukuza nyani shambani kwa jembe, na sikuwahi kumwona akiogopa kitu.

Nikafumba macho. Kuomba najua, nimelelewa humo. Nikasema, wewe ambaye vyote vimo ndani yako, mlima na mvua na majani chai, wewe usiye na mwanzo, ambaye hakuna kilichopo nje yako. Sauti ikapanda yenyewe. Wakaitikia, "Ndio, Bwana!" Kila neno lilikuwa la msugua vioo na hakuna aliyeshtuka. Karibu nitabasamu. Niliposema amina ndipo nilipokumbuka niliowaita waoga, na aibu ikanipanda mpaka masikioni.

Wageni walipoondoka, mama alianza kupanga vitu vya hospitali kitandani: leso mbili, sabuni, kikombe chake. Tulikuwa wawili tu, tukiongea Kiembu.

"Umesema vizuri, mwari wakwa, binti yangu," akasema. "Lakini hukuniombea."

"Mama, si nimeomba mpaka jasho likanitoka?"

"Ulimsifu. Nilikuwa nasikiliza ufike pale utamwambia nirudi nyumbani. Hukufika."

Nilikasirika, kama ninavyokasirika kila nikishikwa. Nikamwambia yote, nikitembea kutoka mlangoni hadi dirishani: kwamba Mungu ninayemwona mimi haombwi, kwamba kuna watu walioteswa kwa kusema hivyo, watu wema, wenye akili. Nilingoja alie, au anikemee. Alikunja leso ya pili, akaiweka juu ya ya kwanza.

"Hao watu wako," akauliza, "mama zao wakiugua walikuwa wanafanya nini?"

Nilikuwa nimesoma barua zao. Nilijua nani alikuwa na homa, nani aligombana na mchapishaji, nani alitaka arudishiwe kitabu chake. Nilitafuta kichwani, nikatafuta tena.

"Sijui, mama."

"Basi kaa hapa uniombee."

Nikakaa kitandani. Akanishika mkono, na wake ulikuwa baridi. Nikaomba vibaya, kwa maneno ya mtoto. Arudi. Asife. Nisiachwe. Nilikuwa nalia, na sikujua naongea na nani, wala sikujali. Mama alisema amina, akauachia mkono wangu. Mimi nikaendelea kuomba.