Neno Ambalo Dobi Mstari Hakulitaka

Wateja wake wengi hawalijui jina lake. Wanamwita Mstari, kwa sababu suruali ikitoka mikononi mwake huwa na mstari ulionyooka mbele kiasi kwamba mwenyewe anaona haya kuketi. Chumba chake cha kazi kinafungukia barabarani. Kina meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka juu yake, pasi mbili za umeme, na moja ya mkaa kwa siku ambazo umeme umeamua kupumzika. Nyuma kuna uani wenye karo la saruji na kamba za kuanikia, na baada ya uani ndipo vilipo vyumba viwili anavyoishi na binti yake.

Kila nguo inayoingia kwa Mstari hupewa alama kabla haijaguswa na maji. Huchukua sindano na kupitisha uzi ndani ya kola, au ndani ya kiuno kama ni suruali: nyekundu mbili kwa wakili, kijani moja kwa mwalimu mkuu, bluu kwa mwenye duka la dawa. Fundi magari mmoja aliwahi kulalamika kwamba amepewa uzi wa waridi. Mstari akamjibu kwamba rangi za kiume zimeisha, na kwamba asijali, maana hakuna anayeuona isipokuwa dobi na shingo yake. Fundi alicheka, na tangu siku hiyo yeye ndiye wa waridi.

Binti huyu Mstari hakumzaa. Ni mtoto wa kaka yake. Kaka alifariki kwa ugonjwa, na mkewe akamfuata kabla mtoto hajajua kusema. Mstari alikuwa kijana tu, ana pasi moja na chumba cha kupanga. Alimchukua. Baadaye alioa, ndoa haikukaa, lakini mtoto alikaa. Alijifunza kutembea akiwa ameshika mguu wa meza ya pasi, na neno lake la kwanza lilikuwa "moto", kwa jinsi alivyokuwa akilisikia kila aliponyoosha mkono. La pili lilikuwa "baba". Kwa lugha yetu hakukosea, baba mdogo ni baba. Mstari naye humwita "mama" mpaka leo.

Lakini ndani ya nyumba ile kulikuwa na neno moja lisilotamkwa. Binti alipokuwa shule ya msingi, wafadhili fulani walileta viatu vya watoto yatima na mwalimu akamwandika. Alirudi navyo nyumbani, vyeusi, vinang'aa. Kesho yake Mstari alivirudisha shuleni mwenyewe, vikiwa kwenye boksi lake, akasema kwa upole kwamba mtoto huyu ana baba, viatu apewe asiye naye. Jioni hiyo akamnunulia vingine, vya mtumba, akavipiga rangi hadi vikashindana na vile.

Mwaka aliomaliza sekondari, binti alichaguliwa chuo kikuu kusoma uhandisi wa maji. Mstari aliwaambia wateja wote, hata wale waliokuja kuulizia njia tu. Alisema hatimaye atapatikana mtu wa kuliuliza lile bomba la uani kwa nini linakohoa. Mchana mmoja alitokea jamaa nadhifu aliyejitambulisha kuwa wakala wa ufadhili, akasema anaweza kumpatia binti nafasi nono, ilimradi ilipwe kwanza ada ya kufungua faili. Mstari alimsikiliza hadi mwisho huku akinyunyizia maji shati. Kisha akamwambia kwamba katika kazi yake anayelipa ndiye mteja, kwa hiyo mfadhili anayedai alipwe labda naye ana nguo chafu, azilete. Jamaa alikwenda zake.

Kwa hiyo waliomba wenyewe, kupitia fomu ya chuo. Binti alikuwa anajaza, Mstari anaamuru kutoka kwenye meza ya pasi. Palipoandikwa baba, akamwambia andika jina langu, yupo hai. Palipoulizwa kazi ya mzazi, akafikiri kidogo, akasema waandikie mkurugenzi wa biashara ya usafi wa mavazi. Binti alimtazama. Mstari akasema hawawezi kwenda mbele za watu wenye suti wakasema dobi. Binti akaandika kama alivyoambiwa, kwa sababu kwake pia baba alikuwa huyo, na hakuona uongo hapo.

Majibu yalipokuja yalisema amepewa msaada wa masomo wa asilimia themanini. Shangazi mtu, dada mkubwa wa Mstari anayeuza vyombo vya udongo sokoni, alipiga vigelegele vikasikika mpaka kwa fundi wa waridi. Walishangilia kama robo saa hivi. Kisha binti akaketi kwenye ngazi ya uani na kuisoma barua ile polepole, mstari kwa mstari, na alipoinuka hakuwa anacheka.

Alimweleza baba yake kwa namna ambayo angeielewa haraka: barua imezichanganya nguo. Neno msaada limebeba vitu vitatu ndani ya beseni moja. Kuna ufadhili, ambao mtu akipewa hadaiwi tena. Kuna mkopo, ambao utarudishwa na riba yake baada ya masomo. Kuna kazi za chuoni, ambazo mwanafunzi anafanya kwa saa, kama vile maktaba au maabara, na analipwa. Wakaanza kuchambua, nyeupe huku, za rangi kule. Katika ile themanini, ufadhili ulikuwa kumi tu. Kazi za chuoni, tano. Yote iliyobaki ilikuwa mkopo.

Mstari aliuliza tangu lini mkopo ukawa msaada. Binti akasema ndivyo wanavyoandika, na kosa si lao, kosa ni kushangilia jumla. Hakukata tamaa. Alikuwa ameona chini ya barua kwamba mwanafunzi anaweza kukata rufaa kama hali ya nyumbani haikueleweka vizuri, akasema basi waende wakaieleze.

Dawati la ufadhili la chuo liko ghorofa ya chini, chumba chenye madirisha matatu ya vioo na viti vya plastiki vilivyounganishwa. Afisa waliyemkuta alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba. Alifungua faili, akasoma, akarudi nyuma, akasoma tena. Aliwauliza mkurugenzi ana wafanyakazi wangapi. Mstari akasema yuko yeye na pasi. Mama yule hakucheka, ila sauti yake ililegea.

"Baba, hapa ukijipandisha, mtoto anashuka," alisema. "Wanaopanga viwango hawakuoni. Wanaona mkurugenzi."

Hilo la mkurugenzi, alieleza, linarekebishika pale pale: aandike kazi yake kwa jina lake na kipato chake cha kweli. Tatizo lilikuwa lingine. Cheti cha kuzaliwa kilitaja baba mwingine. Kwa jinsi faili lilivyokaa, ilionekana mwombaji amedanganya kuhusu mzazi, na kwa kosa hilo chuo kingeweza kuifuta hata ile kumi. Lakini kama wazazi wa kwenye cheti wamefariki, basi upo mfuko maalumu wa wanafunzi yatima, unaolipa ada na malazi, na hakuna kurudisha. Walichohitaji ni vyeti vya vifo viwili na tamko la mlezi. Mwisho wa kupokea ni Ijumaa ya wiki inayofuata, na baada ya hapo mfuko unafungwa hadi mwaka mwingine.

Mstari alishukuru kwa adabu zote, akainuka, akatoka. Walipofika nje alimwambia binti kwamba watachukua mkopo. Atapiga pasi mpaka uishe. Binti alitembea naye tu, kwa sababu alimjua: suruali ikishapata mstari huwezi kuuondoa kwa mikono mitupu.

Aliyekuja kupambana ni shangazi. Alifika asubuhi Mstari akiwa na lundo la sare za hoteli, akaketi juu ya kapu la nguo chafu bila kukaribishwa. Alimuuliza kama ni kweli anataka mtoto aanze maisha akiwa na deni mgongoni kwa ajili ya neno. Mstari akasema si neno, ni kumkana. Akisaini pale kwamba yeye ni mlezi tu, amefuta yote, amekuwa kama mwenye nyumba aliyempangisha mtoto chumba. Na yeye binti anaandikwa yatima, mtoto asiye na mtu, wakati mtu yupo hapa amesimama na pasi.

"Wewe kweli ni Mstari," shangazi alisema. "Umenyooka mpaka hukunjiki. Chuo hakikuulizi nani alimfuta mtoto makamasi. Kinauliza nani yuko kaburini."

Kisha akatoa kwenye mkoba bahasha ya plastiki. Ndani mlikuwa na vyeti viwili vya vifo. Vilikaa kwake miaka yote, kwa sababu Mstari hakutaka vilale ndani ya nyumba yake. Shangazi aliviweka juu ya meza, mbali na pasi, akasema kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake kwamba amechoka kuvitunza peke yake, kana kwamba kaka alikuwa wake tu. Akaondoka kwenda sokoni. Mstari alivitazama. Hakuvigusa, lakini pia hakuvifunika.

Mchana binti alikuja kumsaidia kukunja. Sare za hoteli zikaisha, wakafika kwenye mashati ya wakili. Binti aliligeuza moja, akaifunua kola.

"Baba, huyu wakili ni mwekundu?"

"Mwekundu vipi?"

"Si umemshonea nyekundu mbili."

Mstari akasema asimtanie, hiyo ni alama yake yeye dobi, ili shati la wakili lisiende kwa mtu mwingine. Wakili mwenyewe hata hajui kama ipo.

"Basi na hilo neno ni alama yao," binti alisema. "Wanaishona ili faili langu lisiende kwa wenye wazazi wote wawili. Nitalivaa ndani ya kola, baba. Nje nitavaa lako."

Mstari alipiga pasi mkono wa shati ambao alikuwa ameshaupiga. Akaurudia tena. Baadaye akauliza kama ile ofisi hufungwa saa za chakula.

Walikwenda siku hiyohiyo, wakiwa na vile vyeti viwili. Mama mwenye miwani aliwapa fomu ya tamko, akamwonyesha Mstari pa kujaza. Kwenye kazi aliandika dobi, kwa herufi kubwa. Kwenye jina la mlezi aliandika lake, bila kusita. Penye uhusiano na mwombaji kalamu ilisimama. Akauliza kama lazima aandike mlezi tena. Mama akamwambia hapo anaandika uhusiano wa damu, kama ulivyo. Mstari akaandika baba mdogo, akainamisha kichwa kuliangalia neno lile kama anavyoangalia kola, akaona limekaa vizuri. Akasaini.

Wiki mbili baadaye binti aliitwa mbele ya jopo la mfuko ule. Mstari alimpigia pasi blauzi ambayo ingeweza kusimama yenyewe mlangoni ikamsubiri. Jopo lilikuwa na watu watatu. Walimuuliza kwa nini maji, naye akawaeleza kuhusu karo la uani kwao: jinsi maji ya kusuuza nguo nyeupe yanavyoweza kuwa maji ya kufulia za rangi, na jinsi alivyotengeneza tanki dogo la mchanga na kokoto la kuyachuja, akapima, na nyumba ikaacha kununua madumu wakati wa kiangazi. Alichora kwenye karatasi yao. Mmoja akauliza kokoto za ukubwa gani, wakapotelea humo kwa muda.

Mwishoni mwenyekiti alifunga faili na kumuuliza, kwa mazungumzo tu, nani atakayekuja kumpigia makofi siku ya kuhitimu. Akajibu kuwa ni baba yake. Mwenyekiti alilifungua faili tena, akasema hapa tumeandikiwa yatima.

"Ndiyo," binti alisema. "Yote mawili ni kweli."

Mwenyekiti alimtazama, akatikisa kichwa kukubali, akaandika kitu kifupi.

Barua ilipokuja, safari hii hakuna aliyepiga vigelegele kabla haijasomwa mpaka chini. Ilikuwa ufadhili mtupu: ada yote na malazi kwa miaka yote ya masomo, kwa sharti la kufaulu kila mwaka. Mkopo waliurudisha bila kuugusa. Kazi ya saa za maktaba aliibakisha, kwa ajili ya vitabu, na kabla hajaondoka alikuwa ameshaomba misaada midogo miwili zaidi, mmoja wa chama cha wahandisi wanawake na mwingine wa mamlaka ya maji ya mji. Alisema hiyo midogo watu wengi hawajisumbui nayo, kwa hiyo foleni yake ni fupi. Shangazi ndipo akapiga vigelegele vyake, na akavirudia kwa ajili ya wale ambao hawakusikia.

Usiku wa kuamkia safari haukuwa na mambo mengi, vitu vilikuwa vimeshafungwa, isipokuwa nguo. Kazi moja ilifanyika asubuhi. Nguo za binti hazijawahi kuwa na alama, kwa sababu hazikuwahi kuchanganyika na za mtu. Lakini bweni lina kamba moja ya kuanikia kwa wasichana wengi. Mstari aliketi mlangoni na sindano, rundo la nguo magotini, kopo la nyuzi pembeni, akamuuliza anataka rangi gani.

"Nipe ya waridi," binti alisema. "Nimesikia za kiume zimeisha."

Mstari akatunga uzi kwenye sindano, akaanza na blauzi.