Nimemshinda Seif, Nnajuta

Jamani, leo nimeshinda ubishi na sina raha.

Mwanangu Seif yuko Marekani, hunipigia kila Ijumaa. Tangu mama yake afariki, tulikuwa tukiulizana hali, joto la Maskati, basi. Dakika mbili, simu imekatwa.

Mpaka siku moja nikamtukania mrusha mpira wa timu anayoishabikia huko. Ule mpira wao wa kubeba mikononi, wamevaa makofia kama mafundi wa kuchomea vyuma.

Hee! Alinibishia mpaka simu ikapata moto.

Nikaona dawa ya kumfanya azungumze ndiyo hii. Skuli niliikimbia, lakini mchezo huu nimeusoma.

Leo nikamchokoza:

"Mrushaji wenu anatupa mpira hapo hapo puani pake. Mdakaji ndiye anayekimbia nao, watu wanamning'inia mgongoni. Zile yadi za mbio baada ya kudaka ni jasho la mdakaji, sifa anachukua mrushaji. Hata mie na kiuno hiki ningerusha!"

Nikajiweka sawa, nnangoja anirukie.

"Wallahi baba, umesema kweli. Nimeitazama tena mechi, wadakaji ndio wanaombeba."

"We mtoto, hubishi?"

"Sina la kubisha, baba. Haya, pumzika."

Akakata.

Nyumba nzima hapa mtaani Darsait nnasikia friji tu.

Sasa nyinyi mnaoujua mchezo huu, niandikieni hapa chini sifa za yule mrushaji. Hata za uongo nnapokea.

Ijumaa ijayo nnahamia upande wa mrushaji, Seif apate la kubisha.