Wageni wa Mkubwa na Mwamba wa Fuma

Kismayo ilianza utalii wakati haina kitu kingine chochote. Serikali ilikuwa imeanguka, umeme umekatika, na skuli niliyoiacha darasa la nne imegeuzwa zizi la mbuzi, nami kwa mara ya kwanza nikajiona mtu aliyeondoka kwa wakati. Lakini kila Ijumaa asubuhi tulikuwa na wageni wa kupelekwa kutazama samaki.

Wageni walikuwa wafanyakazi wa misaada, na mwenyeji wao alikuwa kamanda aliyeushika ufuo wetu mwezi ule. Nasema mwezi ule kwa sababu ufuo ulikuwa ukibadilisha mabwana upesi kuliko sisi tulivyobadilisha nguo. Huyu alipenda kuitwa Mkubwa. Aliamini kwamba mzungu aliyeonyeshwa samaki wa rangi hataulizia malori ya unga yaliyopotea njiani.

Mashua ilikuwa yetu, ametuachia baba. Baba alikufa kabla ya vita. Mama akafuata vilipoanza, kwa homa ambayo zamani ilitibiwa kwa vidonge vya dukani. Wakabaki wadogo zangu wawili, wasichana wa miaka kumi na miwili na minane, na mimi wa miaka kumi na tisa, mzamiaji wa kamba wa mwambani. Nilikuwa na shabaha moja tu: kuwafikisha Kenya kwa bahari kabla macho ya wale vijana wa Mkubwa wenye bunduki hayajamzoea yule wa miaka kumi na miwili.

Tatizo ni kwamba mashua haikuwa na cha kuisukuma. Mkubwa alichukua mashine yetu ili aitunze. Tanga nalo likafanywa kivuli cha walinzi wa kizuizi cha barabarani, maana jua lilikuwa likiwasumbua walipokuwa wakitupekua. Mashine ilitoka ghalani Ijumaa tu, ikiongozana na mlinzi, na ikarudi kabla ya magharibi.

Ndipo akaja daktari mgeni na kitabu chenye picha. Mkubwa aliniita.

"Huyu ni mtu mzito," aliniambia kwa Kisomali. "Akirudi anacheka, mashine yako nakupa."

"Nakupa, au nakurudishia?"

"Usinifundishe maneno. Unaitaka, huitaki?"

Niliitaka.

Sasa, watu hudhani kuchagua mahali pa kuwazamisha wageni ni kuchagua panapopendeza. Panapopendeza panajulikana, hapahitaji mtu. Kazi ni kujua leo papi patamrudisha mgeni. Nahodha wetu alikuwa ami, binamu wa marehemu baba, na kila Ijumaa baada ya sala ya alfajiri tulisimama naye ufuoni tukitazama mstari mweupe wa mawimbi kwenye mwamba. Ukikatikakatika, kuna nafasi ya kupita. Ukiwa mmoja toka mwanzo hadi mwisho, bahari ya nje imefunga mlango. Kisha tulitazama maji. Siku za bamvua, maji yanapopanda na kushuka kwa nguvu, yale ya kushuka asubuhi huburuta kila kitu nje kwa kupitia mkondo kati ya visiwa, na mtu mwenye miwani usoni na mrija mdomoni hahesabiwi tofauti na jani. Mwisho tulishusha sahani nyeupe kwa uzi na kuona inapotelea pima ya ngapi, kwa sababu kaskazi inapoanza, Mto Juba huteremsha tope lake hadi kwetu, na mgeni hashukuru kuonyeshwa tope.

Na juu ya yote hayo ipo desturi ya wazamiaji wa kwetu: neno la mwisho ni la anayeingia majini. Nahodha awe na mvi mpaka kwenye nyusi, mzamiaji akisema hapana, chombo kinageuzwa. Hapana anayemuuliza sababu, wala anayemcheka siku hiyo. Kumcheka ni kesho yake.

Ijumaa ya daktari mstari ulikuwa mmoja, na ilikuwa bamvua. Daktari alifungua kitabu akaweka kidole kwenye picha: mwamba wa nje wa kisiwa cha Fuma. Pamoja naye alikuja muuguzi, mama wa makamo aliyewahi kufanya kazi Kenya na kujifunza Kiswahili cha kutosha kuagizia chai.

"Kwa nje hapana," nilisema. "Upande wa ndani, uliokingwa na upepo, ndiyo."

Mkubwa alicheka kwa ajili ya wageni, kisha akaniinamia. "Nje. Au mashine yako utaisikia tu ikinguruma."

Nikawafikiria wadogo zangu. Ningeweza kusema ndiyo; wanaume wengi walikuwa wakisema ndiyo siku zile na walionenepa ni hao. Lakini niliuona ule mkondo ukikutana na mawimbi, maji yamesimama wima kama ukuta, na mimi ndiye ningewashika mkono kuwaingiza humo.

"Hapana," nikasema.

Ami alikuwa tayari amekaa mchangani, anamenya ndizi.

"Na wewe mzee?" Mkubwa akamgeukia. "Wewe si ndiye nahodha?"

"Mimi hushika usukani. Mchu wa majini, huyu mzamiaji, ashasema."

"Bunduki haisemi?"

"Haijui kuogelea hiyo," ami akajibu, akaendelea na ndizi yake.

Mama muuguzi aliuliza kuna nini. Nikamweleza polepole. Akaitazama bahari, akamtazama daktari, akasema, "Mimi naenda na huyu kijana. Ndani." Daktari akafunga kitabu kama mtoto aliyenyimwa halua.

Tukaenda ndani. Sahani ilipotelea pima ya pili. Palionekana majani ya bahari, tope la kutosha, kasa mmoja mwenye usingizi, na majongoo bahari wengi kupita haja. Mama muuguzi alishangilia kila jongoo kama ndugu aliyepotea. Kati ya jongoo na jongoo aliniuliza tanga letu liko wapi, nikamwambia limekuwa kivuli cha walinzi. Daktari alikaa na mlinzi wetu chomboni. Mmoja alitapika, mwingine akafuata kwa adabu. Huko nje mawimbi yalikuwa yakipasuka kwa kishindo, na hakuna aliyenishukuru, wala sikutarajia.

Ufuoni Mkubwa aliuliza wameona nini. "Nyasi," alisema daktari. Mashine ikarudi ghalani, na Mkubwa akaniambia nisiiulizie tena.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mdogo wangu mkubwa kwamba safari haipo.

"Ulikataa wewe?" aliuliza.

"Nilikataa."

"Sawa, kaka." Akaendelea kupepeta unga, na ile sawa yake ilinikaa kifuani siku nne.

Siku ya tano lori la misaada lilisimama mbele ya nyumba yetu. Mama muuguzi akashusha turubai kubwa la buluu, akasema kwa Kiswahili chake cha chai, "Nyumba yako inavuja." Nyumba yetu haikuwa ikivuja. Ndio msaada pekee nilioujua mimi uliofika mzima kwa mlengwa.

Ami alilikata, mdogo wangu akalishona kwa uzi wa nyavu, na likawa tanga baya kuliko yote niliyowahi kuyaona. Tuliondoka asubuhi peupe, walinzi wakiwa wamelala na majani ya miraa mashavuni. Ami hakuja. Alisema lazima abaki mtu wa kusema uongo.

Tulifuata upande wa ndani siku ile nzima na iliyofuata, tukapita kisiwa cha Chovae, tukalala kile cha Kudhaa, nikichagua kila pa kutia nanga kama vile ningechagua kwa wageni, ila abiria hawa walikuwa wakali zaidi na walitapika bure. Siku ya tatu tulikuwa Kenya.

Habari za nyuma zilitufikia Mombasa kwa wasafiri. Ami alikwenda kwa Mkubwa akilia, akamwambia kwamba mimi nimejuta, nimekwenda kuukagua mwamba wa nje kwa ajili ya wageni, nimewachukua wadogo zangu wanisaidie, na hatukurudi. Mkubwa akatazama ule mstari mweupe, kwa mara ya kwanza nadhani, akakubali kwamba bahari ile ni mbaya. Hakuna aliyetumwa kututafuta. Tulisomewa khitma sote watatu, na Mkubwa akatoa gunia la unga wa misaada.

Mdogo wangu wa miaka minane alipoyasikia haya aliuliza kama watu walikuja wengi. Nikamwambia walijaa. Alifurahi sana.