Shujaa Aliyesalimia Kihehe

Juzi, kwa muuza vitabu vya mtumba pale Iringa mjini, nilifungua kitabu cha katuni, harufu ya ukungu ikanirudisha utotoni, Mgololo.

Baba alifanya kazi kiwanda cha karatasi. Kwenye marobota ya karatasi chakavu zilizosubiri kusagwa aliokoa katuni za Kiingereza, akaniletea ndani ya koti lake. Mchana mmoja mvua ilipiga bati, mama akikaanga mahindi, nami nimejibana kwapani mwa baba akinisomea. Kwenye picha, mtu mwenye joho la kijani alitua mbele ya jitu la mawe.

"Kamwene!" baba alisoma kwa sauti nzito.

"Baba, anamsalimia adui?"

"Sisi Wahehe hatupigani na mtu kabla ya kumsalimia."

Basi nikajua shujaa yule ni wa kwetu, na shuleni niligombana na kila aliyebisha.

Kitabu cha juzi kilikuwa kilekile. Nilikisoma nimesimama. Shujaa hakusalimia, alitukana, akapiga. Kumbe baba hakujua Kiingereza hata neno moja.

Nilikinunua. Jioni nilimpakata binti yangu, nikafungua ukurasa ule, nikaikaza sauti:

"Kamwene!"