Tawi Lililolazwa Njiani

Mume wangu alikwenda kuwachimbia Wazungu dhahabu huko Walikale, akasahau kwamba ana mke. Nikajitwika maharagwe, nikatoka Ngungu kumfuata. Wifi yangu alikuwa na mtoto mwenye homa, akasema atanifuata siku moja baadaye.

Sisi watu wa milimani, anayetangulia akifika njia panda huvunja tawi na kulilaza kwenye njia aliyoishika, ili wa nyuma amfuate. Nilimlazia wifi yangu matawi hayo safari nzima.

Siku ya tatu, ndani ya msitu, nilikuta njia mbili. Moja ilikuwa na tawi bichi. Nikafurahi, nikajua wenzetu wamepita hapo. Nikainua mguu kulivuka.

"Mama, simama hapo."

Nyuma yangu kulikuwa na mwindaji mwenye mkuki. Nilijua ananiua. Lakini alinipita, akafunua majani kwa ncha ya mkuki, nikaona shimo. Ndani yake miti iliyochongwa ilisimama kama meno.

"Huku kwetu tawi njo inasema usipite," aliniambia. "Iko shimo ya nguruwe."

Nilimuuliza mashimo mangapi yako mpaka kambi ya dhahabu. Akasema hajui, kila mutu anachimba yake.

Alitaka kunionyesha njia nzuri. Nilikataa, nikakaa juu ya mzigo wangu mbele ya tawi lile. Wifi yangu alikuwa nyuma, na nilikuwa nimemwambia afuate matawi tu, asiulize mtu.